Sauti Zimenyamaza, Hesabu Haijarudi

Katika duka la mjomba wetu hapa Busia, hatua chache kutoka mpakani, mdogo wangu ndiye aliyekuwa mashine ya hesabu ya ukoo mzima. Mama kutoka upande wa Kenya angeingia na noti ya shilingi 500 za kwao, akataka kilo 2 za sukari kwa shilingi 4,500 za Uganda kila kilo na mafuta ya kupikia ya 4,000, na kabla hajamaliza kufungua fundo la leso yake mdogo wangu alikuwa amekwisha kumwambia: ya Kenya leo inakwenda kwa 28, kwa hiyo pesa yako ni 14,000, vitu vyako ni 13,000, chenji yako elfu moja hii hapa. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 16. Wabadilisha fedha wanaokaa kando ya barabara na mabunda ya noti mikononi walikuwa wakimtania kwamba akimaliza shule atawanyang'anya kazi.

Sasa ana miaka 24, na kwa karibu miaka mitatu hajasikia sauti zisizokuwepo. Anakula vizuri, analala, anaoga bila kukumbushwa, na mtu asiyemjua anaweza kuzungumza naye kwa dakika kumi asitambue chochote. Lakini ukimpa hesabu ile ile ya sukari na mafuta, anaishika nusu, na wakati anaitafuta nusu ya pili ile ya kwanza inakuwa imekwisha kumponyoka. Ameniruhusu niandike habari zake kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe na kwamba ayasome maneno haya kabla ya mtu mwingine yeyote. Amekwisha kuyasoma, kwa siku mbili, na amenisahihisha mahali pawili.

Kwa muda mrefu sote nyumbani tuliamini kwamba ugonjwa wake ni zile sauti, kwa hiyo siku zitakaponyamaza atakuwa amepona, na akishindwa kazi baada ya hapo basi huo ni uvivu wake mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si daktari, lakini miaka hii nimesoma na kuuliza maswali mengi kiasi cha kuweza kusema kwamba tulikuwa tumeushika ugonjwa kwa mkia. Katika skizofrenia, ambao ndio ugonjwa wake wa akili, kinachomzuia kijana kurudi shuleni au kazini mara nyingi si sauti wala imani potofu, bali ni kuvurugika kwa uwezo wa kufikiri: kushika jambo kichwani kwa muda mfupi, kulifanyia kazi haraka, kukumbuka ulichoambiwa, kupanga hatua. Uharibifu huo hutangulia sauti, hubaki sauti zikiondoka, na dawa tulizonazo haziugusi ila kidogo sana.

Hata lugha yetu ilitupoteza. Tunasema mtu amerukwa na akili, kana kwamba akili ni ndege aliyekuwa kichwani, akashtuka, akapaa mara moja. Nilichokiona mimi kilifanana zaidi na jerikeni yenye ufa mdogo karibu na kitako: asubuhi unaikuta maji yamepungua, unadhani kuna mtu ameyatumia, na unaendelea kudhani hivyo kwa miezi.

Alipoingia kidato cha tano alama zake zilianza kuteremka, si kwa kishindo, bali somo moja baada ya jingine. Mama alimtuma sabuni, kiberiti na chumvi, akarudi na kiberiti peke yake. Mara ya kwanza ilikuwa kichekesho, mara ya tano mama alisema kwamba kijana ameanza kumdharau. Usiku nilimkuta na kitabu cha baiolojia akiwa amekwama kwenye ukurasa ule ule niliomwacha nao saa moja kabla, na alipoinua macho aliniambia kwamba anayaona maneno lakini hayakai. Maneno hayo hayo, hayakai. Mimi, mwalimu, mtu ambaye kazi yangu ni kuwatazama vijana wakijifunza, nilimpokonya simu na kumwambia aache uvivu. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya sauti ya kwanza.

Sisemi kwamba kila kijana anayeshuka alama ana ugonjwa huu, kwa maana wengi wana njaa, wana mapenzi, wana simu, au wana karo ambayo haijalipwa. Hata hivyo jambo lenyewe limethibitishwa na watafiti waliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi ukubwani. Mjini Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walipimwa tena na tena kwa miongo, na wale ambao baadaye waligundulika kuwa na skizofrenia walikuwa, kwa wastani, wamekwisha kubaki nyuma ya wenzao utotoni katika kufikiri kwa maneno, na kadiri walivyokua pengo likapanuka katika kasi ya kuchakata mambo na katika kushika habari kichwani. Kijana anapofika hospitali kwa mara ya kwanza akiwa na sauti, pengo hilo huwa limekwisha kuwa kubwa: ukichukua mgonjwa wa katikati katika kundi la wagonjwa wapya na kumpeleka katika kundi la watu 100 wenye afya wa umri wake, ataangukia karibu na nafasi ya 16 kutoka chini. Huo ni wastani tu, na wako wagonjwa ambao huwezi kuwatofautisha na watu wengine katika vipimo hivi.

Kisha yakaja malori. Msomaji aliyewahi kupita Busia anajua foleni ya malori inayosubiri forodha, ambayo siku mbaya hurudi nyuma hadi usione mwisho wake. Mdogo wangu alianza kukaa kando ya foleni ile na daftari la kurasa 96, akiandika namba za usajili, zile zinazoanza na K upande wa kushoto na zile zinazoanza na U upande wa kulia, na kuziunganisha kwa mistari. Nilipomuuliza, alinieleza kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma asiyeona, kwamba namba hizo zinapelekeana habari zake. Wiki chache baadaye wanaume wawili walianza kubishana kichwani mwake kwa Kisamia, na wa tatu, ambaye alimwogopa kuliko wote, alizungumza Kiswahili.

Kemikali inayotajwa kwanza katika habari hizi ni dopamini, moja ya wajumbe ambao seli za neva huwatumia kupashana habari. Watu huiita kemikali ya raha, na kwa maoni yangu jina hilo limepotosha wengi. Kazi yake moja kubwa ni kuliwekea jambo alama kwamba lina maana, lizingatie. Ukipita sokoni macho yako yanaona mamia ya vitu, na ubongo unaviacha vipite vyote isipokuwa yule mtu anayekudai. Vipimo vya PET, ambavyo huonyesha kemikali zikifanya kazi ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, vimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa skizofrenia, na hata kwa baadhi ya vijana walio ukingoni mwa ugonjwa, dopamini hutengenezwa na kumwagwa kupita kiasi katika straiatamu, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo. Alama ya umuhimu ikigongwa ovyo, hata namba ya lori hupewa. Na akili, ikiisha kukabidhiwa jambo lenye alama hiyo, haiwezi kutulia mpaka ilitungie sababu.

Tulichukua miezi minane kabla ya kufika hospitali. Tulikesha naye kanisani, tukavuka mpaka kwenda kwa mganga aliyetaka mbuzi mweusi, tukarudi, tukaenda kwa mwingine. Sijutii maombi, na wala sisi hatukuwa watu wa ajabu: utafiti wa Dkt. Catherine Abbo wa Chuo Kikuu cha Makerere, uliofanyika katika wilaya za Jinja na Iganga, ulionyesha kwamba wenye magonjwa makali ya akili wengi hutumia mganga na hospitali kwa pamoja. Kilichotuchelewesha zaidi kilikuwa jina. Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955 nje kidogo ya Kampala, imegeuzwa kuwa tusi katika vinywa vya Waganda, na mama alisema wazi kwamba hataki mwanawe atajwe katika sentensi moja na jina hilo. Mwishowe alipokelewa katika hospitali nyingine, na afisa kliniki wa magonjwa ya akili, kabla ya kusema neno skizofrenia, alimpima virusi vya Ukimwi, kaswende na malaria, akauliza kuhusu kifafa, bangi na mairungi. Mama alidhani kwamba tunapotezewa muda. Kumbe hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kusema kwamba huyu ana skizofrenia. Daktari hufika hapo kwa kusikiliza historia na kuondoa magonjwa mengine yanayoweza kufanana nayo.

Dawa zinazozima sauti zilipatikana karibu kwa bahati. Klopromazini ilitengenezwa Ufaransa katika kutafuta dawa za kusaidia upasuaji, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliripoti kutoka Paris kwamba inawatuliza wagonjwa wa akili kwa namna ambayo hakuna dawa iliyotangulia iliyoweza. Namna inavyofanya kazi haikujulikana. Mwaka 1963 Arvid Carlsson na Margit Lindqvist nchini Uswidi walionyesha kwa panya kwamba dawa za aina hii zinaingilia mawasiliano ya dopamini, na katika miaka ya 1970 maabara za Amerika ya Kaskazini zikaona kwamba kadiri dawa inavyokishika kwa nguvu kipokezi kiitwacho D2, mlango ambao dopamini hupitishia ujumbe wake kwenye seli, ndivyo kiasi kidogo zaidi kinavyotosha kutibu. Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi yake juu ya dopamini. Vipimo vya PET vilipokuja vikaongeza jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki: dawa nyingi kati ya hizi huanza kutibu zinapoziba takriban asilimia 65 ya vipokezi vya D2, na zikipita asilimia 80 mgonjwa huanza kukakamaa misuli, kutetemeka na kutembea kama mzee. Nafasi ya kufanyia kazi ni nyembamba, na kijana anayetumia dawa kwa mara ya kwanza huhitaji kidogo kuliko watu wanavyofikiri.

Mdogo wangu alipewa haloperidoli, dawa ya kundi hilo, na kwa kiasi kikubwa. Baada ya wiki tatu wale wanaume wawili wa Kisamia waliondoka, kisha yule wa Kiswahili akawa mnong'ono, kisha akatoweka. Tulichinja kuku. Mjomba alisema kwamba Jumatatu kijana arudi dukani.

Alirudi, na ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumesherehekea nusu ya habari. Mteja alipotaja vitu vitatu, alimuuliza mara mbili. Alikwenda kwenye rafu, akasimama mbele yake, akarudi mikono mitupu kuuliza tena. Mjomba, ambaye si mtu mkali, alivumilia siku nne, na siku ya tano akamwambia mbele ya wateja kwamba wazimu umekwisha, uliobaki ni uzembe. Mimi nilikuwepo na sikusema kitu, kwa sababu moyoni nilikubaliana naye.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa jibu la kitendawili kile liko katika kemikali. Dopamini haifanyi kazi moja mahali pote. Wakati inafurika kule ndani katika straiatamu, ushahidi uliopo unaonyesha kwamba katika gamba la mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inapungua. Gamba hilo ndilo linaloshika habari kichwani kwa sekunde chache ili zifanyiwe kazi, ndiyo ile 14,000 inayosubiri wakati unajumlisha 9,000 na 4,000. Nalo huitaka dopamini kama mchuzi unavyotaka chumvi: ikipungua hakuna kinachokolea, ikizidi umeharibu sufuria nzima. Haloperidoli huziba vipokezi vya D2, ambavyo vimejaa kule ndani. Upungufu wa mbele, ambako kipokezi muhimu zaidi ni kile kiitwacho D1, haiuondoi. Kwa hiyo dawa ile ile inaweza kumfunga mdomo yule mwanamume wa Kiswahili na kuiacha hesabu ya sukari ikiwa imelala palepale.

Tena dopamini yenyewe huenda si chanzo bali ni moshi wa moto ulioanzia kwingine. Shangazi yetu aliwahi kufanyiwa upasuaji mdogo kwa ketamini, dawa ya usingizi inayotumika sana katika hospitali zetu za wilaya, na alipokuwa akizinduka alituambia kwamba kitanda kinapumua na kwamba mikono yake ni ya mtu mwingine. Tulicheka sana siku ile. Sasa najua kwamba ketamini huziba vipokezi vya NMDA, ambavyo hupokea ujumbe wa glutameti, kemikali kuu ya kuamsha seli za ubongo. Watafiti walipowapa watu wenye afya dozi ndogo za ketamini, hawakupata tu fikra za ajabu na hisi zilizopotoka, bali pia kumbukumbu iliyoyumba, mawazo yaliyotawanyika na uso uliokosa hisia. Amfetamini, ambayo hupandisha dopamini, huweza kuleta shuku na sauti, lakini haileti picha hiyo nzima. Ndiyo maana wengi wanadhani kwamba mzizi wa matatizo ya kufikiri uko katika glutameti, na hasa katika seli ndogo zinazotumia kemikali iitwayo gaba na zinazotegemea vipokezi hivyo. Seli za gaba ni za kutuliza, lakini kutuliza kwao ni kama kwa mpiga ngoma anayeshika mapigo: ndizo zinazofanya seli nyingine ziwake pamoja na kuzimika pamoja, mara 30 hadi 80 kwa sekunde. Mapigo yakipotea, kila mchezaji anacheza vizuri na ngoma haieleweki.

Kwa nini ugonjwa huu huanza ujanani, basi? Atakayeelewa haraka ni mkulima wa matoke. Shina la mgomba likiachiwa machipukizi yote yakue, hupati mkungu wa maana. Mkulima hubakiza mama, binti na mjukuu, akang'oa mengine. Ubongo wa kijana hufanya kazi hiyo hiyo, ukipunguza viungo kati ya seli ili vilivyobaki viwe imara, na gamba la mbele ndilo linalomaliza mwisho, hadi katikati ya miaka ya 20. Inaonekana kwamba katika skizofrenia panga hukata kupita kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Boston walionyesha kwamba aina fulani za jeni liitwalo C4, linalohusika na kinga ya mwili, huongeza hatari ya ugonjwa huu, na kwamba katika panya jeni hilo hushiriki katika kuweka alama viungo vinavyokatwa. Hatari inayoongezwa na jeni moja ni ndogo, na sehemu kubwa ya takwimu za jeni ilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, jambo ambalo mradi wa utafiti wa jeni wa NeuroGAP uliowahusisha washiriki wa Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini ulianzishwa ili kulirekebisha.

Nisiwape wasomaji picha safi kuliko ilivyo. Mashine za MRI zinaweza pia kupima kemikali ndani ya ubongo bila kuufungua, na kwa glutameti majibu ya wagonjwa wapya hayapatani: utafiti mmoja unaikuta imezidi, mwingine imepungua, mwingine haioni tofauti, kutegemea sehemu iliyopimwa, dawa alizotumia mgonjwa na muda wa ugonjwa. Huenda jina skizofrenia, ambalo daktari wa Uswisi Eugen Bleuler alilitoa mwaka 1908, limefunika magonjwa zaidi ya moja. Emil Kraepelin kabla yake aliuita kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya kupungukiwa akili mapema, akiamini kwamba mgonjwa ataendelea kuporomoka bila kikomo. Aliona sawasawa kwamba kufikiri ndiko kunakoumizwa. Kuhusu kuporomoka alikosea, kwa maana wagonjwa wengi waliofuatiliwa baada ya kipindi cha kwanza uwezo wao hubaki karibu palepale, na wengine hupanda kidogo.

Katika mwaka wa tatu wa matibabu tulimpata mtu aliyempima mdogo wangu kufikiri. Alikuwa daktari kijana, na alitumia karatasi, kalamu na saa ya simu yake. Kwanza alimwomba ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Mdogo wangu, aliyekulia kati ya mbuzi na ng'ombe, alisema: ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa, simba. Kimya. Paka. Kimya kirefu. Kuku. Sita, ukiondoa kuku wa pili. Kijana mwenye elimu yake na afya nzuri hupita 15 bila jasho. Kisha akampa karatasi yenye alama ndogo zilizopewa namba 1 hadi 9 juu, na safu za alama chini ambazo alitakiwa kuziandikia namba zake kwa sekunde 90. Hakukosea hata moja, lakini jicho lake lilirudi juu kwenye ufunguo kila mara, hata kwa alama aliyoiandikia sekunde mbili zilizopita. Nilikuwa nimeketi nyuma yake nikimtazama shingo ikipanda na kushuka, nikakumbuka simu niliyompokonya. Daktari aliniambia kwamba kipimo hicho cha alama na namba ni kati ya vile vinavyoonyesha pengo kubwa zaidi katika skizofrenia, na akaongeza kwamba mtu anayefanya polepole bila kukosea hawezi kuitwa mvivu.

Halafu akaomba kuona dawa. Pamoja na haloperidoli kulikuwa na vidonge vya benzeksoli, ambavyo wengi tunavijua kwa jina la Artane. Alipewa wiki ya pili kabisa ya matibabu, siku ambayo macho yake yalipinduka juu na shingo ikapinda, na kwa shida ile ilikuwa dawa sahihi. Tatizo ni kwamba kila mwezi mtu fulani, mahali ambapo sitapataja, alinakili maandishi ya mwezi uliotangulia, na dawa ya dharura ikawa dawa ya miaka miwili na nusu. Benzeksoli hupunguza kukakamaa kwa kuziba asetilikolini, na asetilikolini ni kemikali ambayo ubongo huitumia kuhifadhi mambo mapya. Tulikuwa tunamhimiza akumbuke huku tukimmezesha, asubuhi na jioni, kidonge kinachomzuia kukumbuka. Shirika la Afya Duniani halipendekezi dawa za kundi hili zitolewe kama kawaida ili kuzuia madhara yasiyokuwepo bado. Hutakiwa kwa muda mfupi, pale madhara yalipo na kupunguza dozi au kubadilisha dawa kumeshindikana.

Daktari hakuisimamisha ghafla, na hakuna mtu anayepaswa kufanya hivyo nyumbani, kwa sababu mwili uliozoea benzeksoli hulipiza. Kwanza alimhamishia kwenye risperidoni, dawa nyingine ya kuzima sauti, kwa kiasi kidogo, kisha akapunguza benzeksoli kwa wiki kadhaa hadi ikaisha. Sitasema kwamba kijana yule wa miaka 16 alirudi. Miezi miwili baadaye mama alimtuma vitu vitatu, akarudi na viwili na nusu: sabuni, chumvi, na swali kama cha tatu kilikuwa kiberiti au mshumaa.

Kuna kejeli hapa ambayo bado hunitekenya. Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa yenye zanomelini kwa ajili ya skizofrenia ya watu wazima, ya kwanza baada ya miongo mingi isiyotegemea kuziba dopamini moja kwa moja, nayo hufanya kazi kwa kuamsha vipokezi vya asetilikolini, mlango ule ule ambao Artane huufunga. Kuhusu kufikiri kwenyewe habari ni chache zaidi: mapema mwaka 2025 aiklepatini, iliyotengenezwa mahsusi kuimarisha vipokezi vya NMDA na kusaidia kufikiri, ilishindwa katika majaribio yake makubwa. Kinachosaidia kwa sasa, kwa kiasi, ni mazoezi ya kufikiri yanayofanywa na mtaalamu kwa wiki nyingi huku yakiunganishwa na kazi halisi, na mazoezi ya mwili yanayotoa jasho. Mtaalamu wa namna hiyo hatunaye Busia. Jasho tunalo, kwa hiyo mdogo wangu huendesha baiskeli kila asubuhi kabla jua halijakaza.

Mengine tumeyabuni wenyewe. Tunamwambia jambo moja, tunasubiri lifanyike, ndipo tunataja la pili. Daftari la malori liliungua zamani, lakini ana daftari jingine la mfukoni, na kila anachotumwa hukiandika mbele ya anayemtuma, hata kama ni mzee wa mtaa. Vitu vya dukani havihamishwi rafu bila yeye kushirikishwa. Na juu ya meza ya mauzo kuna ubao wa maboksi alioutengeneza mwenyewe kwa kalamu nene, wenye safu mbili: upande mmoja shilingi za Kenya kutoka 50 hadi 1,000, upande mwingine thamani yake kwa bei ya siku. Kila bei inapobadilika huuandika upya wote, kazi inayomchukua karibu saa nzima, na hataki kusaidiwa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa dukani alipoingia mama mmoja aliyetaka kubadilishiwa shilingi 450. Mdogo wangu hakuutazama ubao. Alitazama juu, midomo ikacheza, na nilihesabu kimya kimya hadi tisa kabla hajasema: 12,400. Kisha akashika noti na kuanza kuhesabu. Jibu ni 12,600. Mjomba, aliyekuwa akipanga sabuni, aligeuka, akachukua sarafu ya mia mbili kutoka kwenye droo, akaiweka taratibu juu ya noti zilizokuwa mkononi mwa mdogo wangu, na akarudi kwenye sabuni zake.